Babu wa Diski D

Mama amefunga ofisi. Baada ya miaka yote ile ya kuchapa barua za watu, kutoa fotokopi za vyeti na kupiga picha za pasipoti pale Bunda, macho yamegoma, akasema sasa basi. Wiki iliyopita alinitumia katoni kwa basi hadi hapa Musoma. Juu kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, chini yake karanga, na chini kabisa, ndani ya soksi yangu ya shule ya msingi, kulikuwa na diski ya kompyuta. Ni zile za zamani za mezani, nzito, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Nikainusa, sijui kwa nini. Ilikuwa na harufu ya vumbi lililoungua na waya wa moto, na papo hapo nikarudi kwenye chumba cha nyuma, miaka tisa, magoti kifuani, jicho kwenye tundu.

Ofisi ya mama ilikuwa chumba kimoja alichokigawa kwa plaiwudi. Mbele walikaa wateja, mashine ya fotokopi, kompyuta na ile benchi yenye msumari uliochana suruali za watu wazima wengi. Nyuma tulikaa sisi wawili: godoro, ndoo mbili, jiko la mafuta ya taa na maboksi ya karatasi hadi juu. Dirisha halikuwepo. Mlango wa plaiwudi ulikuwa na komeo la nje, la mama, na komeo dogo la ndani ambalo alilitumia akiwa anabadilisha nguo. Fundi seremala alikosea kupigilia pembeni, akaacha tundu la ukubwa wa shilingi. Dunia yangu ya likizo ile yote ilipita kwenye tundu hilo.

Maana nilifungiwa. Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, watoto wenzangu walitawanyika mitaani kama mbuzi waliofunguliwa, mimi nikaingizwa nyuma na komeo likasukumwa. Nilitoka asubuhi kwenda chooni, nilitoka jioni kuoga, na mara moja moja, wateja wakipungua, niliruhusiwa kukaa kwenye kompyuta nusu saa kujifunza kuchapa. Nikiuliza kwa nini, mama alisema, "Kaa ndani, mwanangu. Kaa tu." Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali, ningejua nimekosa nini.

Niseme wazi kabla sijafika mbali, maana mimi mwenyewe niliambiwa wazi nikiwa nimeshakuwa mkubwa. Kwa ukoo wa baba, kule Butiama, ule ulikuwa mwaka wa kukeketa wasichana, na mimi nilikuwa nimefika umri. Shangazi, dada yake mkubwa baba, alikuwa ameshanihesabu. Baba alikuwa machimboni, na kila alipopiga simu alikuwa upande wa mtu aliyeongea naye mwisho. Kwa hiyo kati yangu na wembe kulikuwa na vitu viwili tu: plaiwudi ya mama, na neno la babu.

Babu, baba yake baba, alikuwa mzee wa kusikilizwa. Akisema ng'ombe huyu hauzwi, hauzwi. Alipougua, mama alikwenda kumwona na ile kamera ndogo ya picha za pasipoti, na babu akamwambia awashe, ana neno. Mama akarekodi dakika kama nne. Babu alisema mjukuu wake Nyamisi asipelekwe. Alisema aliwahi kumzika binti yake mwenyewe kwa jambo hilo, binti aliyemtangulia shangazi kuzaliwa, akaambiwa asilie. Alisema hataki kuzika tena, hata akiwa kaburini. Wiki mbili baadaye alifariki. Shangazi alipoambiwa kwamba mzee aliacha neno, alisema mama amelitunga. Wazee wakasema hakuna shida, neno na liletwe kwenye kikao cha ukoo kabla ya Krismasi, walisikie kwa masikio yao. Nakala ya picha ile ilikuwa moja tu. Kadi ya kamera mama alikuwa ameshaifuta ili apige pasipoti za watu, akiamini kwamba kilichoingia kwenye kompyuta, upande wa D, kimeingia benki.

Imani hiyo alipewa na Fundi Masatu. Fundi Masatu alikuwa kijana wa Kibara, mrefu, mwenye mkoba wa bisibisi na tabia ya kuimba kwa pua akiwa anafikiri. Yeye ndiye aliyetutengenezea kompyuta. Siku alipoigawa diski nilikuwepo, nimekaa kwenye boksi la karatasi, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuuliza uliza, alinieleza.

"Unaona mama yako alivyogawa hiki chumba?" alisema. "Na mimi nimeweka patisheni hivyohivyo. Diski ni moja, lakini ina vyumba viwili. C ni huku mbele: Windows inakaaga huku, wateja wanaingia na flashi zao, virusi wanaingia, vurugu. D ni kule nyuma mnakolala. Siku C ikichafuka, nafagia yote, napiga Windows upya. D siigusi kabisa."

"Kwa hiyo vya muhimu niweke D," mama alisema.

"Vyote, dada yangu. Huku mbele usiachie kitu unachokipenda."

Yeye alikuwa anatoa mfano tu. Mimi sikuwa na umri wa kuachia mfano mahali pake. Nilielewa kwamba ndani ya lile boksi la chuma chini ya meza kulikuwa na chumba cha mbele na cha nyuma, na kwamba vilivyokuwa nyuma vilikuwa vinaishi kama mimi: gizani, kwenye joto, vikisikia watu wanacheka upande wa pili. Nilipokuwa nimelala kwenye godoro mchana, jasho likinitiririka masikioni, nilisikia feni ya kompyuta inalia, nikavihurumia.

Halafu nikamwona babu.

Mama alikuwa anaikagua ile picha kujiandaa na kikao, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Babu alitokea kwenye kioo amekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, kofia yake ya sufi kichwani, akakohoa, akaangalia kando na kuuliza, "Mlango umefungwa?" Sauti ya mama ikajibu umefungwa. Babu akasema, "Haya." Ndipo akaanza kusema maneno yake. Nikasikia jina langu. Nikasikia asipelekwe.

Sasa mjue hali yangu ilivyokuwa. Siku chache kabla, shangazi alipita ofisini na binti yake, Nyabise, tuliyekuwa rika moja. Mama aliwakuta mlangoni na kuongea nao hukohuko nje, lakini Nyabise alipenya hadi kwenye plaiwudi, akaweka mdomo kwenye tundu langu. Alininong'oneza kwamba mwezi huu kule nyumbani wanashonewa magauni, watachinjiwa mbuzi, wataimbiwa barabarani na watu watawarushia hela, na kwamba hata mimi gauni langu lipo, la njano. "Mama yako anakunyimaga raha," alisema. Hakujua zaidi ya hapo, maskini. Kwetu mambo yale hayaelezwi kwa mtoto ambaye bado. Kwa hiyo nilipomsikia babu akisema nisipelekwe, nilichoelewa ni kwamba babu naye ameungana na mama kuninyima gauni. Nikaumia sana. Nilikuwa nampenda babu. Alikuwa akinimegea ugali wake wa mtama kabla hajaonja mwenyewe.

Nililifikiria jambo hilo siku mbili nzima, na muda nilikuwa nao. Nikajiuliza, mtu mwema vile anawezaje kusema neno baya vile? Jibu likaja lenyewe. Babu amefungiwa. Si alikuwa anauliza habari ya mlango? Mimi mwenyewe tangu nifungiwe nilikuwa nimekuwa na roho mbaya: niliwachukia wateja waliocheka, nilimchukia Nyabise, siku moja niliichana karatasi nzuri ya mama bila sababu. Mtu akifungiwa anaharibika. Babu angetolewa D, akakaa huku mbele penye hewa na watu, angepoa, angesema neno lingine. Mpaka leo sijapata mantiki iliyonyooka kuliko ile. Ilikuwa imenyooka kabisa, na ilikuwa ujinga mtupu.

Mama alikuwa amenifundisha kukata na kubandika, kwa ajili ya kupanga majina ya wanafunzi kwenye orodha za walimu. Mchana mmoja, yeye akiwa anahangaika na karatasi iliyokwama kwenye fotokopi na mwalimu mmoja akimlalamikia, mimi nikiwa kwenye ile nusu saa yangu, niliingia D, nikafungua folda ya babu, nikamkata. Nikaja mbele, kwenye kioo cha kwanza kabisa kile kinachoonekana ukiwasha, nikambandika. Zile karatasi ndogo za kwenye kioo zikawa zinaruka kutoka folda moja kwenda nyingine, taratibu, na mimi nikamnong'oneza babu avumilie, anakaribia. Alipofika, nikamfungua nimsikie. Akakohoa, akauliza, "Mlango umefungwa?" Nikamfunga haraka kabla mama hajasikia. Nikasema moyoni, bado hajazoea, atapoa. Kioo kile kilikuwa kimejaa barua za watu hadi ua la nyuma yake halionekani, kwa hiyo mama hakumwona. Mimi nikarudishwa ndani na komeo likasukumwa. Usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu, wa mtu aliyetenda wema.

Baada ya siku tatu kompyuta ikaanza kujizima. Fundi Masatu akaja, akaimba kwa pua, akasema virusi wamejaa, hakuna njia, ni kupiga Windows. Nilikuwa kwenye tundu. Nilimsikia vizuri akiuliza, na ndiyo maana siwezi kusema sikusikia.

"Dada, vitu vyako vyote viko D?"

"Vyote viko D," mama akasema, bila hata kugeuka.

"Una uhakika? Huku mbele nafuta kila kitu, na hivi vilivyo kwenye kioo vinahesabika huku mbele."

"Hizo ni barua za watu, walishachukua. Futa."

Nilielewa neno futa. Nilifikiri halimhusu mtu.

Mchana mama alifungua D ili amwonyeshe fundi ile picha, ajivunie kidogo. Folda ilikuwepo, ndani hamna kitu. Akaifunga, akaifungua. Akafungua nyingine, na nyingine. Nilimwona mgongo tu kupitia tundu, lakini mgongo wa mama nilikuwa naujua kuliko uso wa watu wengine, na niliuona unakauka. Kikao kilikuwa kimebakiza siku nane.

"Masatu. Umemfuta mzee."

"Dada, D sijaigusa. Naapa kwa Mungu."

"Ilikuwa hapa. Ilikuwa hapa, Masatu! Umeniua. Umeniulia mtoto."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akilia mbele ya mtu. Fundi alisimama na bisibisi mkononi, akarudia neno lilelile kwamba D hajaigusa, kwamba mitihani ipo, orodha zipo, harusi za watu zipo, vyote vilivyokuwa D vipo, na vilivyokuwa mbele ndivyo vilivyokwenda. Mimi kwenye tundu nikaelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Vilivyofungiwa vipo. Niliyemtoa hayupo. Na nikakaa kimya. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na tundu, hatua mbili tu zilitutenganisha, na neno halikutoka. Niliogopa vibaya. Kile chumba nilikuwa nimekizoea kwa namna fulani, lakini kuanzia saa ile kilinibana kama kimepunguzwa, maana sasa nilikuwa humo na kosa langu, na kosa lilichukua nafasi yote.

Fundi hakukimbia, na angeweza. Keshokutwa yake alirudi na diski nyingine mfukoni, ameifunga kwenye kitambaa. Akasema kuna programu ya kutafuta vilivyofutwa, lakini kinachopatikana hakirudishwi kwenye diski ileile kilipopotelea, maana unaweza kukifukia moja kwa moja, lazima kiwekwe kwenye diski ya pili. Akafungua lile boksi la chuma, akachomeka, akaianzisha. Ilikuwa polepole kwelikweli. Mama hakumsemesha. Wino wa printa ulikuwa umekuja na basi, akaenda stendi kuuchukua, akaniambia kupitia plaiwudi kwamba haendi mbali. Fundi akabaki, maana mashine haikutakiwa kuzimwa.

Nikamwangalia kwenye tundu. Alikuwa haimbi.

"Fundi," nikasema.

"Naam."

"Unamtafuta wapi?"

"D. Si ndiko alikokuwa?"

Nilisikia feni. Halafu nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo mno, "Ni mimi nilimtoa. Nilimleta huku mbele. Alikuwa amefungiwa."

Kiti chake kililia. Nikasubiri anitukane, au aende nje akamwite mama. Alikuja akachuchumaa kwenye plaiwudi, nikaona sikio lake na nusu ya shavu.

"Ulimweka mbele wapi? Kwenye kioo?"

"Kwenye kioo."

"Lini?"

Nikamwambia. Akasema, "Kumbe nachimba shamba la watu. Kule D alikotoka pameshaandikwa vitu vingine juu yake." Akarudi kwenye kompyuta, akasimamisha kazi, akaielekeza C. Aliponijibu tena alikuwa amenipa mgongo. "Windows mpya imemkanyaga, sitakudanganya. Lakini tutaona kilichobaki. Na haya ya kwetu sisi wawili, usimwambie mtu. Nitabeba mimi, mgongo wangu mpana."

Ndipo shangazi akaingia.

Nilimjua kwa harufu ya sabuni yake kabla ya sauti. Fundi alisimama, akaamkia, "Shikamoo, mama," akasema mwenye ofisi yuko stendi, anarudi. Shangazi akaitikia marahaba, akasema hana haja na mwenye ofisi. Akaja moja kwa moja hadi kwenye plaiwudi. Mkononi alikuwa na gauni. Lilikuwa la njano kweli, lina marinda mawili na utepe kiunoni.

"Nyamisi wangu," aliita, na sauti yake ilikuwa na upendo, sitamsingizia. "Toka uone nilichokuletea. Utakaaga humo kama kuku anayeatamia mpaka lini? Toka tukapande gari, Nyabise anakungoja."

Mkono wake ukashika komeo la nje. Nililisikia likisuguana na plaiwudi, lile komeo ambalo mwezi mzima nilikuwa namwomba Mungu mtu alifungue. Niliwaza gauni. Nawaambieni ukweli, niliwaza gauni kwanza. Barabara, nyimbo, hewa. Mwili wangu ulishasimama wenyewe kwenye godoro. Halafu nikamwaza babu, jinsi alivyokaa vizuri gizani kwenye D muda wote ule bila kudhurika, na jinsi nilivyomshika kwa mkono wangu kwa huruma nikamleta mbele, kwenye hewa, akafutwa mchana kweupe watu wakiongea. Sikujua wembe. Sikujua ngariba. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba mimi nilikuwa D.

Nikanyoosha mkono nikasukuma komeo la ndani.

Lilikuwa dogo, halikufika hata urefu wa kidole changu, na lilitoa mlio mdogo ambao wote watatu tuliusikia. Shangazi alivuta. Mlango ukacheza lakini haukuja.

"Nani amekufundisha kumfungia shangazi yako?"

Nilikuwa nimelishikilia komeo kwa mikono miwili, mkojo umenitoka.

"Nyamisi! Fungua!" Akatikisa plaiwudi nzima, misumari ikaanza kulia juu kwenye dari.

"Mama, samahani," fundi alisema, "hiyo mashine inafanya kazi, haitakiwi kutikiswa." Ndiyo ngao pekee aliyokuwa nayo kijana wa watu mbele ya mtu mzima, akaitumia. Nikamsikia anapiga simu. Shangazi akatikisa tena. Akaweka jicho kwenye tundu langu, nikaliona kwa karibu, jicho la baba, jicho la babu, na lilikuwa na machozi. Kwa miaka mingi sikujua yalikuwa machozi ya hasira au ya nini.

Mama alifika akikimbia, kandambili moja mkononi. Waliongea kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti za chini, zile ambazo ni mbaya kuliko kelele. Mwisho shangazi alilikunja gauni vizuri, akaliweka kwapani, akasema kwa Kiswahili ili na fundi asikie, "Jumamosi nakuja na wanaume. Hiyo plaiwudi yako tutaiona."

Alipoondoka, mama aliniambia nifungue. Sikuweza, vidole viligoma. Alikaa chini upande wake, mimi upande wangu, hadi vilipolegea.

Fundi alikuwa anakusanya bisibisi zake. "Dada," alisema, "nisamehe kwa ya mzee. Na nisamehe kuingilia. C na D ziko kwenye diski moja. Patisheni inazuia uchafu, haizuii mtu anayekuja kubeba boksi zima. Kitu unachokipenda kinakaaga kwenye diski ya pili. Nyumba nyingine kabisa."

Mama hakuiangalia diski. Aliniangalia mimi.

Kesho yake alfajiri tulipanda gari la Musoma. Alinipeleka kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza dagaa soko la Mwigobero, mwanamke mnene mwenye maneno machache, aliyenipokea kama mzigo ulioandikwa jina. Nilikaa chumbani kwake, dagaa wakinukia hadi kwenye nywele. Dirisha lilikuwepo, na dirishani lilikuwepo ziwa lote, boti zinakuja na kwenda, na mimi sikuruhusiwa kupita turubai la kuanikia. Nililia kila siku. Mtu akiniambia kwamba mtoto akiokolewa anajisikia ameokolewa, namjua huyo hajawahi kuwa mtoto. Nilijisikia nimefungwa mara ya pili, mbali zaidi. Januari niliandikishwa shule hukuhuku, na Bunda sikuishi tena. Mama alikuja Jumapili moja moja na ndizi.

Kwenye kikao alikwenda. Fundi alikuwa amepata sekunde kumi na moja, mwanzo wa picha, zilizobaki zilikuwa mawe, hazifunguki. Mama alizibeba kwenye kompyuta ndogo ya kuazima hadi Butiama, akaziwasha mbele ya wazee. Walimsikia marehemu. Mmoja akasema, "Sauti ni yake, lakini neno halipo." Ndivyo ilivyoisha. Mama anasema shangazi aliposikia ile sauti alitoka nje, hakurudi hadi chakula. Jumamosi alikuwa kweli amekwenda ofisini na wanaume, wakakuta godoro. Nyabise alipelekwa Desemba ileile. Alipona, kama wanavyosema, na shule ilikuwa ndoto, aliolewa kabla ya darasa la saba. Tunasalimiana vizuri. Hatujawahi kuzungumza habari ya magauni.

Jana nilimpigia mama kumshukuru kwa katoni. Nikamwambia. Baada ya miaka yote hii, nikamwambia kwenye simu kwamba ni mimi niliyemtoa babu D, nikiwa nimesimama jikoni na michembe mkononi.

"Basi nilimnyima Masatu kazi mwaka mzima," alisema, "na alikuwa akipita ananiamkia."

"Nisamehe, mama."

"Wewe nilishakusamehe kabla sijajua. Yeye nitamwambia nini?"

Masatu yuko Kisorya siku hizi, ana duka la simu. Nitakwenda mwenyewe.

Diski, ile ya pili ya fundi yenye zile sekunde kumi na moja, nimeichomeka kwenye kompyuta yangu. Nilichukua muda kuanza, maana nina ugonjwa wangu: chumba kikifungwa napumua kwa shida, kikiwa wazi silali. Nikainuka, nikasukuma komeo, nikarudi kukaa. Babu akatokea kwenye kigoda chake, kofia ya sufi, picha inakatika katika. Akakohoa. Akaangalia kando.

"Mlango umefungwa?"

Sauti ya mama ya ujana ikajibu huko ndani, lakini mimi nilikuwa nimeshamtangulia.

"Umefungwa, babu."

"Haya," akasema, na picha ikakwama hapo.